Mutoto Anayevuta: Gereza ao Munganga?

Usiku mumoja baba wa kartie yetu alinigongea mulango. Mutoto wake alikuwa anavuta bangi na kumeza vidonge vya usingizi, na siku ile aliuza sufuria za mama. "Pasta, nimupeleke kwa polisi?" Nikajibu ndiyo. Nilizani gereza litamufundisha akili. Alitoka kisha miezi munane, amekonda, anakohoa, na amejifunza kuvuta vitu ambavyo mbele hakujua hata majina yao. Shauri lile lilikuwa langu.

Kinshasa nako, katika mwaka 2021, polisi ilikamata watu karibu 100 juu ya bombe, ule unga unaosagwa kutoka bomba la moshi la gari. Wauzaji na wavutaji wakashikwa pamoja, sawa watu wa kosa moja.

Portugal walichoka na njia hiyo. Katika miaka ya 1990, kule karibu mutu 1 kwa 100 alikuwa amefungwa na heroini, na SIDA ilipita kwa sindano. Tangu mwezi wa 7 wa 2001, anayekamatwa na kiasi kisichopita cha siku 10, cha kujitumia mwenyewe, haendi gerezani. Anaitwa mbele ya tume ya watu watatu. Wanamuuliza ameanza namna gani, na kama ni mugonjwa wanamuonyesha njia ya matunzo. Usinisikie vibaya: bangi haikuruhusiwa kule, inanyanganywa, na anaweza kulipa amende. Na muuzaji? Huyo bado anafungwa, na ni haki.

Maambukizo ya SIDA kwa sindano yalipunguka sana. Lakini kisha 2012 pesa ya kazi hiyo ikakatwa, kazi ikalegea. Sheria bila munganga ni karatasi tu.

Sasa wewe mama, wewe baba: mutoto wa vidonge usimunyime vyote kwa siku moja. Mwili uliozoea unaweza kushikwa na kifafa, na siyo mapepo. Mupeleke kwa munganga, apunguze pole pole.

Yule kijana? Ndivyo tulivyofanya naye, nyuma. Ameanguka tena mara mbili. Siku hizi anajifunza kuunga vyuma, na kila magaribi baba yake anakwenda kumungojea pale kazini, juu ya wale rafiki wa zamani wanaosimama njiani.