Kamera na Kalamu Chini ya Mawingu ya Suneka

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Methali hiyo yajulikana na kila mtu, hata na watoto wa shule. Lakini watu walio wengi huinua macho ili kujua kama yafaa waanue nguo au waanike mahindi, kisha huyasahau waliyoyaona. Hata hivyo wako wengine, wake kwa waume, ambao huyatazama mawingu kwa sababu ya pili. Huyapiga picha, na chini ya picha huandika ubeti mmoja wa shairi. Kazi hiyo haina mshahara, wala haihitaji mafunzo ya miaka mingi, lakini ina faida ambayo yastahili kuelezwa.

Katika nchi ya Wagusii, Suneka ni mahali pafaapo kwa jambo hilo. Soko lake liko katika njia kuu itokayo Kisii kwenda Migori, na karibu nalo upo uwanja mdogo wa ndege. Kwingineko vilima na migomba huficha nusu ya mbingu. Penye uwanda mtu huweza kuliona wingu tangu lianzapo kuchipuka hata lifunikapo jua.

Mawingu Yatokako

Wingu la Suneka halizaliwi Suneka peke yake. Upande wa magharibi liko Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Uso wa ziwa uko meta 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kisii uko kiasi cha meta 1,700. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na upepo wenye unyevu hutoka ziwani kuja kushika nafasi yake. Upepo huo ukifika penye vilima hulazimika kupanda. Ukipanda hupoa, na ukipoa unyevu wake hugeuka kuwa wingu. Ndiyo sababu asubuhi huweza kuwa nyeupe kabisa, na ifikapo saa tisa ngurumo zikasikika. Mvua ikiisha kunyesha, maji hushuka kwa vijito hadi Mto Kuja, uitwao pia Gucha, nao huyarudisha ziwani.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo hutoka barani kwenda ziwani. Pepo za pande mbalimbali hukutana juu ya maji, na dhoruba hutokea huko wakati watu wa vilimani wamelala. Basi saa hizo ndizo saa za kazi kwa wavuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwa hilo, ambao huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Wavuvi wengi hufa maji kila mwaka kwa ajili ya dhoruba. Kulipopambazuka, mtu aliye juu kilimani huweza kuona vilele vya mawingu hayo upande wa magharibi, vimepakwa rangi ya waridi na jua ambalo kwake bado halijachomoza. Ni picha nzuri mno. Lakini apigaye picha hiyo yafaa akumbuke ni nani waliokuwa chini ya wingu lile usiku, na ni nani aliyemvulia omena anunuao sokoni.

Waliotangulia

Kuyachunguza mawingu si jambo jipya. Mwaka 1802 Mwingereza Luke Howard, aliyekuwa mtengenezaji wa dawa, aliyagawa kwa maumbo yao: yaliyo kama nyuzi, yaliyo kama chungu, na yaliyotandazwa kama mkeka. Majina aliyoyatoa yangali yakitumika na mabingwa wa hali ya hewa. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilianza kuuza kikasha kiitwacho Brownie kwa dola moja ya Marekani, na watu wa kawaida wakapata kupiga picha. Tangu mwaka 1922 Mmarekani Alfred Stieglitz alipiga picha nyingi za mawingu matupu, pasipo mtu wala mti, akitaka kuonyesha kwamba hata wingu peke yake huweza kuchukua huzuni na furaha ya mtu.

Hapa kwetu Kenya, katika miaka ya 1990, wapiga picha wa kivukoni Likoni, Mombasa, walitundika mapazia yaliyochorwa bahari, meli na ndege, na watu waliotoka bara kutafuta kazi wakapigwa picha mbele yake. Basi hamu ya kuonyesha mahali na kusema neno juu yake ni ya watu wote.

Picha na Shairi

Kosa la kwanza la waanzao ni kuandika katika shairi yale yale yaonekanayo katika picha. Picha ikionyesha wingu jeusi, shairi nalo husema, "Tazama wingu jeusi." Hapo mmojawapo hana kazi. Picha huonyesha kilichopo. Shairi na liseme kisichoonekana. Ichukuliwe kwa mfano picha ya wingu la mchana juu ya mashamba ya Suneka, ambayo chini yake pameandikwa ubeti huu:

Wingu limepanda juu, mfano wake jabali,
Hana hofu mjukuu, bibi atazama mbali,
Mahindi ya mwaka huu, machanga, hayahimili,
Mvua ya maji twataka, ya mawe hatukubali.

Msomaji ameliona wingu kwa macho, sasa aona na hofu ya mkulima. Mfano wa pili ni picha ya ufuko wa ziwa. Atokaye Suneka aweza kupanda gari hadi Homa Bay akafika majini siku ile ile. Picha yaonyesha alfajiri tulivu na mitumbwi tisa mchangani, wala haina mtu hata mmoja. Chini yake pana maneno haya:

Mitumbwi imepangana, tisa kandoni mwa maji,
Jana kumi twaliona, ikenda na wavuaji,
Maji yatulia sana, kama asiye mlaji,
Mmoja haujarudi, mama yu pwani angoja.

Hapana kamera iwezayo kupiga picha ya mtumbwi wa kumi. Kazi hiyo ni ya shairi. Kadhalika, haifai kabisa kumsogezea kamera mama aliye katika majonzi. Shairi huweza kumtaja kwa heshima bila kuuonyesha uso wake.

Mashauri Machache

Kamera ya simu ya mkononi yatosha. Asubuhi na jioni ndizo saa njema, kwa kuwa mwanga huja kwa ubavu na kuonyesha mikunjo ya wingu. Mstari wa ziwa uwe sawa, usiinamie upande. Mtu asilikazie jua macho. Radi za Kisii zajulikana kwa ukali wake. Ngurumo zikisikika, mpiga picha aondoke uwanjani aingie nyumbani, wala asijikinge chini ya mti ulio peke yake. Na penye uwanja wa ndege asipige picha bila ruhusa.

Kwa upande wa shairi, mizani minane kwa minane na vina vya kati na vya mwisho ni kanuni ambazo Sheikh Amri Abedi alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi. Ubeti mmoja watosha. Mwisho, kila picha iandikwe mahali, tarehe na saa. Picha isiyo na tarehe ni kama barua isiyo na jina: baada ya miaka kumi hata mwenyewe hajui ni mvua ipi iliyoharibu mahindi, na ni ipi iliyoyaokoa.

Wingu halikai. Mtoto aliyeshuhudia mvua ya mawe leo atakuwa mzee, naye ataulizwa na wajukuu jinsi mambo yalivyokuwa. Aliye na picha atawaonyesha wingu. Aliye na picha na ubeti atawaonyesha wingu pamoja na watu waliokuwa chini yake.