Sura ya Sita: Swali Moja kwa Dakika Kumi na Tano

Kongamano la wanataaluma aghalabu humpa mzungumzaji dakika 15 aeleze kazi ya miaka. Muda huo unatosha, mradi achague swali moja kabla ya kuandaa slaidi hata moja.

Tuchukue Santo António de Tanná, meli ya kivita ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus, ngome ya Mombasa, mwaka 1697, ilipokuja kuwasaidia waliozingirwa na Waomani ngomeni. Kati ya 1977 na 1980, wapiga mbizi wakiongozwa na Robin Piercy waliifukua chini ya maji, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakishirikiana na taasisi ya akiolojia ya bahari kutoka Marekani. Vitu vilivyoopolewa vikapelekwa ngomeni. Kiunzi cha meli kikapimwa, kikaachwa huko huko chini.

Hapo pana mihadhara mitatu. Wanahistoria watataka kujua mzingiro wa 1696 hadi 1698 ulikwendaje. Mafundi wa vyombo watauliza habari za mkuku na mataruma. Wahifadhi watauliza: kwa nini mbao ziachwe majini? Ukitaka kuwaridhisha wote, wote watatoka mikono mitupu.

Tuseme umeitwa na wahifadhi. Waeleze kwamba tope lisilo na oksijeni huwazuia viumbe watoboao mbao, na kwamba mbao zilizolowa kwa karne nyingi zikikaushwa ovyo hupinda na kupasuka. Kisha wape kipimo: Vasa, meli iliyoibuliwa Sweden mwaka 1961, ilinyunyiziwa dawa ya kuhifadhi mbao kwa miaka 17. Hapo watauona wenyewe uzito wa uamuzi wa Mombasa. Mzingiro utaje kwa sentensi moja. Mizinga, hata ikipendeza vipi, iache.

Slaidi ziwe chache: mchoro wa kiunzi wenye vipimo, na maandishi yanayosomeka kutoka kiti cha nyuma kabisa. Fanya mazoezi kwa sauti, saa ikiwa mbele yako. Mwombe jirani wa barazani akusikilize. Asipoweza kukwambia swali lako lilikuwa lipi, rudi ukapunguze.

Mwisho, andaa majibu kuhusu gharama, usalama wa mabaki na ukaguzi wake. Yale uliyoyaacha hayajapotea: ndiyo akiba yako wasikilizaji watakapoanza kuuliza.