Usimpe mtoto dawa ya mbuzi

Msomaji, huenda umewahi kumsikia jirani akiuliza: kwani minyoo si minyoo tu? Katika maboma mengi ya Kisii na Nyamira, chupa ya dawa ya minyoo ya ng'ombe hukaa rafu moja na dawa za watoto, na jina lililoandikwa huweza kuwa lile lile: albendazoli.

Swali hilo si la kijinga. Albendazoli ilianzia kwa mifugo miaka ya 1970, kabla ya watu kuruhusiwa kuitumia miaka ya 1980. Ndiyo hiyo hiyo ambayo wanafunzi wa huku wamekuwa wakipewa shuleni, tembe moja ya miligramu 400.

Tofauti iko katika ini. Kabla dawa haijamfikia binadamu, watafiti huwapa wanyama kama vile panya na mbwa, kisha huwatoa damu kila baada ya saa kadhaa ili kupima kilichobaki. Ini huitazama dawa kama kitu kigeni na huibadilisha mpaka itoke mwilini. Albendazoli hugeuzwa kwanza kuwa kitu ambacho bado kinaua minyoo, halafu kuwa kingine kisicho na nguvu. Mbuzi huifanya kazi hiyo haraka kuliko kondoo. Kwa hivyo ukimpa mbuzi wako kipimo cha kondoo, minyoo yenye nguvu hubaki hai na kuzaa minyoo sugu. Muulize daktari wa mifugo. (Paka naye ni kisa kingine: paracetamol inayokutuliza kichwa yaweza kumwua, kwa kuwa ini lake haliwezi kuiondoa vizuri.)

Wanyama pia ndio waliotuonya kuhusu mimba. Panya na sungura waliopewa albendazoli wakiwa na mimba walizaa watoto wenye kasoro. Ndiyo sababu mama aliye katika miezi 3 ya kwanza hapewi dawa hii. Sasa mfikirie mama ambaye hata hajajua ana mimba, akikisia vijiko kutoka chupa ya ng'ombe.

Isitoshe, chupa ya mifugo hupimwa kwa uzito wa ng'ombe. Kosa la kijiko kimoja ni dogo kwa fahali, lakini si kwa mtoto wa kilo 12. Nyingine zimechanganywa na dawa ya pili ambayo mtu hapaswi kuionja kamwe. Huko Lithuania, miaka ya 1990, wanawake waliopewa klosanteli ya mifugo kimakosa walipatwa na madhara makubwa ya macho, hata upofu.

Maziwa nayo yaangaliwe. Ng'ombe aliyenyweshwa dawa huitoa kwa maziwa kwa siku kadhaa. Lebo husema ngapi.

Ikiwa mtu nyumbani kwako ameshainywa, mpeleke hospitali mara moja, na ubebe chupa yenyewe ili daktari asome kilichomo.