Somo la Leo: Kuisoma Kompyuta ya Mbali kwa Bando Dogo

Shikeni daftari na kalamu, maana leo tutafanya hesabu.

Tuseme karani wa chama cha ushirika yuko hapa Songea. Hesabu ya kilo za mahindi ya wanachama imo ndani ya kompyuta iliyoko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Iko programu ya kumwezesha kuisoma bila kusafiri. Lakini mara nyingi kioo huganda, na bando huisha upesi. Kwa nini?

Sababu ni hii. Kompyuta ya Dar es Salaam haimletei karani hesabu yenyewe. Humletea picha ya kioo chake, tena na tena. Kioo kimejaa nukta ndogo. Kioo kimoja cha kawaida kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwenda chini. Zidisha, utapata nukta 2,073,600. Kila nukta yenye rangi kamili huchukua baiti 3. Basi picha moja ni baiti 6,220,800, yaani zaidi ya MB 6. Zikija picha 20 kila sekunde, ni kama MB 124. Bando la MB 1,000 lingekwisha kwa sekunde 8!

Ndiyo maana programu hizi hukunja picha, na hutuma sehemu zilizobadilika tu. Hata hivyo, mtandao dhaifu ni kama njia ya shamba wakati wa masika: lori lililojaa mno hukwama. Yatupasa kupunguza mzigo.

Katika Windows, fungua programu ya Remote Desktop Connection, kisha bonyeza Show Options. Fanya hivi kabla ya kuunganisha:

Kwanza, fungua ukurasa wa Display. Punguza ukubwa wa kioo. Ukichagua 1280 kwa 720, nukta zitakuwa 921,600, chini ya nusu ya zile za kwanza.

Pili, hapo hapo punguza rangi hadi 16 bit. Kila nukta itachukua baiti 2 badala ya 3. Kwa kusoma hesabu, rangi hizo zatosha.

Tatu, fungua ukurasa wa Experience. Chagua mtandao wa mwendo mdogo, Low-speed broadband. Hakikisha hakuna alama penye Desktop background, maana picha ya mapambo haimsaidii karani kitu.

Lakini angalieni! Programu nyingine hukuuliza uchague kati ya uzuri wa picha na wepesi. Ukizidisha wepesi, herufi huingia ukungu. Tarakimu 8 yaweza kuonekana kama 3. Mkulima aliyeleta kilo 380 ataandikiwa 330, naye atapoteza jasho la kilo 50. Basi punguza rangi, punguza mapambo, lakini usipunguze usomekaji wa tarakimu. Ukiona shaka, ongeza uzuri wa picha, kisha soma tena.

Ukimaliza kazi, kata mawasiliano. Kioo kilichoachwa wazi chaweza kuendelea kula bando.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Ni kitu gani hasa husafiri kutoka kompyuta ya mbali?

2. Picha yenye nukta 921,600 na baiti 2 kwa kila nukta ina baiti ngapi?

3. Kwa nini karani asipunguze usomekaji wa tarakimu?

Kwaherini, hadi somo lijalo.