José Oquendo, kiraka aliyecheza namba zote tisa

KWA shabiki wa soka wa hapa Bongo, ukitaja neno kiraka jina la Erasto Nyoni linakuja lenyewe. Beki wa kulia, beki wa kati, kiungo mkabaji, pengo lilipotokea Simba au Taifa Stars kocha alijua pa kuangalia. Wamarekani wanaocheza besiboli nao wana viraka wao, na kwa maoni yangu hakuna aliyefika alipofika José Oquendo.

Besiboli nayo ina namba, moja mpaka tisa. Namba moja ni mrushaji, anayemrushia mpira mpinzani mwenye gongo. Namba mbili ni mdakaji, anachuchumaa nyuma ya huyo mpigaji akiwa na kinga usoni. Tatu mpaka sita wanalinda eneo la vituo ambavyo mpigaji anavikimbilia, na saba mpaka tisa wako mbali kule nyuma kwenye nyasi. Mwaka 1988, akiwa na St. Louis Cardinals, Oquendo alicheza zote tisa ndani ya msimu mmoja. Yaani Nyoni wiki hii yuko golini, wiki ijayo ni straika.

Mei 14 mwaka huo Cardinals walikuwa nyumbani na Atlanta Braves. Mechi ya besiboli ina awamu tisa, na ngoma ikiwa droo inaendelea mpaka mbabe apatikane. Hii ilifika awamu ya 15 ikiwa 5-5. Kocha Whitey Herzog alikuwa ameshatumia warushaji wake, na kama ilivyo kwenye soka, anayetoka harudi. Akamgeukia Oquendo.

Mtu wa soka anaielewa picha hii haraka. Kipa kala kadi nyekundu, sub zimeisha, beki anavaa glovu. Kasoro yake ni kwamba Oquendo alikaa pale awamu nne nzima. Kituko kingine kilikuwa cha José DeLeón, mrushaji aliyepelekwa kukimbiza mipira kule nyuma. Kwa kuwa haikuwa kazi yake, alikuwa akibadilishana upande na Tom Brunansky kulingana na mpigaji anayekuja, ili mpira usimfuate!

Awamu ya 16 Braves hawakupata kitu. Ya 17, hivyo hivyo. Ya 18, holaa. Ya 19 Ken Griffey (huyu ni baba mtu, siyo yule mwanawe) akapiga mpira ulioingiza pointi mbili, ikawa 7-5. Kwenye besiboli kufungwa kunaandikwa kwa jina la mrushaji, kwa hiyo ile mechi mpaka leo iko kwenye rekodi ya Oquendo. Ilikuwa imepita miaka 20 tangu mtu asiye mrushaji aandikiwe matokeo ya mechi ya ligi kuu.

Huyu bwana alizaliwa Puerto Rico mwaka 1963, akaingia ligi kuu na New York Mets mwaka 1983 akiwa na miaka 19 tu. Mikono ilikuwa ya dhahabu, gongo ndilo lililokuwa jepesi. Misimu 12 ya ligi, mipira aliyoipiga ikavuka uzio ni 14. Wapo wanaopiga mingi kuliko hiyo ndani ya nusu msimu. Lakini Oktoba 14, 1987, mechi ya saba na ya mwisho ya kuwania ubingwa wa National League dhidi ya San Francisco Giants, ni yeye aliyeutoa mpira nje na kuleta pointi tatu kwa mpigo. Cardinals walishinda 6-0.

Baadaye alipata namba ya kudumu, kituo cha pili. Msimu wa 1990 alifanya makosa matatu tu. Matatu, msimu mzima! Tuzo ya mlinzi bora wa namba ile ikaenda kwa Ryne Sandberg wa Chicago Cubs, ambaye mwaka huo alivusha uzio mara 40. Sandberg alikuwa mchezaji mkubwa, sibishi. Ila tuzo ilikuwa ya kulinda, siyo ya kupiga.

Oquendo alistaafu baada ya msimu wa 1995, akarudi Cardinals kama kocha. Kuanzia 2000 mpaka 2015 alikuwa kocha wa kituo cha tatu, kazi ambayo soka haina. Unasimama pembeni ya mstari, mchezaji wako anakuja mbio na mpira uko nyuma ya mgongo wake, haoni kitu. Wewe ndiye macho yake. Ukizungusha mkono, anaendelea mpaka nyumbani kufunga pointi. Ukiinua viganja, anasimama. Ukikosea, uwanja mzima umekuona. Akiwa hapo Cardinals walibeba ubingwa wa Marekani mara mbili, 2006 na 2011, na katikati yake aliiongoza Puerto Rico kwenye mashindano ya dunia ya 2006 na 2009.

Baada ya ubingwa wa 2011 kocha mkuu Tony La Russa akang'atuka. Oquendo alikuwa miongoni mwa waliohojiwa. Mwingine kwenye orodha hiyo? Ryne Sandberg. Safari hii wote wawili walikosa. Kazi alipewa Mike Matheny, mdakaji wa zamani ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu yoyote ya kulipwa. Oquendo akabaki pale pale kwenye mstari wake, chini ya bosi mpya, miaka minne mingine.

Magoti yalimtoa mwaka 2016. Alirudi kwenye mstari msimu wa 2018, kisha akaenda kufundisha vijana wa klabu kule Jupiter, Florida. Kituo hicho Cardinals wanakitumia pamoja na Miami Marlins.

Mwaka 2009 Cardinals walitaka kumhamisha Skip Schumaker, mchezaji wa kule nyuma kwenye nyasi, aje kulinda kituo cha pili. Aliyekabidhiwa kazi ya kumfundisha namba hiyo mpya alikuwa Oquendo, asubuhi baada ya asubuhi, akimpigia mipira ya chini mamia kwa mamia. Mwaka 2023 Schumaker alikuwa kocha mkuu wa Marlins, na msimu wake wa kwanza tu akachaguliwa kocha bora wa National League.