TOVUTI YA CHUO ISIWE TONGO

Kusini ya mji wa Tanga, mwendo wa kilometa 17 hivi kwa njia iendayo Pangani, kipo kijiji kiitwacho Tongoni. Jina lake lajieleza lenyewe: tongo ni mahali walipokaa watu, kisha wakapahama. Hapo yamesimama magofu ya msikiti wa mawe na makaburi yapatayo 40, mengine yenye nguzo, mabaki ya mji wa Mtangata ambao mabaharia wa Vasco da Gama waliupitia mwaka 1498. Mgeni huyatazama akastaajabu. Lakini hakuna mwenye akili timamu atakayebisha hodi katika msikiti ule akitazamia kujibiwa.

Twasema haya kwa sababu hapo hapo Tongoni tulionyeshwa tongo la namna nyingine, nalo lilikuwa ndani ya simu.

Mvuvi mmoja, baba wa binti aliyemaliza kidato cha sita, alitukabidhi simu ya bintiye tusome wenyewe. Ulikuwa ukurasa wa shule kuu moja ya chuo kikuu, ambayo hatutaitaja. Kwanza ilifunguka picha kubwa ya jengo, polepole, ikila kifurushi cha watu. Chini yake zilikuwapo salamu za mkuu ambaye amekwisha kustaafu. Kisha tangazo la udahili la miaka miwili nyuma, bado limepambwa neno “Jipya”. Binti alizisoma sifa za kujiunga zilizoandikwa pale, akaamini, akalipa ada ya maombi. Jibu lilipokuja lilisema kwamba sharti la somo moja lilikwisha badilishwa.

“Nyinyi wa magazeti,” alituuliza mzee, “mkikosea leo, kesho mwasahihisha. Hawa nao husahihisha lini?”

Hatukuwa na jibu. Na swali lake ni zito kuliko lionekanavyo, maana tangu mwaka 2017 mambo ya udahili yamegeuka. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2010, maombi yalipitia katika mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu. Sasa mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja chuoni. Kwa hiyo tovuti ya chuo, na ya kila shule iliyomo, si pambo tena. Ndiyo mlango, ndiyo ubao wa matangazo, na ndiye karani wa mapokezi. Mwana wa mtu akaaye karibu na chuo aweza kwenda kwa miguu kuuliza ofisini. Wa Tongoni hana njia ila hiyo simu.

Wanachama wetu wa zamani watakumbuka kwamba chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Malalamiko yetu ya leo si juu ya chuo hicho. Twakitaja ili ijulikane kwamba elimu ya juu ilianza katika nyumba ya wananchi, na wananchi wana haki ya kuuliza mlango wake uko wazi au umefungwa.

Basi tovuti hugeukaje tongo? Aghalabu huanza vizuri. Shule humwajiri kijana fundi, naye huijenga kwa mkono wake, ukurasa mmoja mmoja, maneno na umbo vikiwa vimeshonwa pamoja kama nguo na bitana. Siku ya uzinduzi watu hupiga makofi. Kisha fundi huondoka na maarifa yake, pengine na nywila pia. Tangu siku hiyo mhadhiri akitaka kubadili tarehe moja tu hawezi. Huandika barua, barua hukaa mezani, na muhula hupita.

Dawa ya ugonjwa huo imekwisha patikana, nayo ni mfumo wa kusimamia maudhui. Ndani yake maneno huwekwa mbali na umbo. Maneno hukaa katika hifadhidata. Umbo hukaa katika kiolezo. Ajuaye kuandika barua kwa kompyuta aweza kuandika habari ya shule yake, na kiolezo kikaipanga chenyewe, katika kompyuta hata katika simu ndogo. Sisi wa chumba cha habari jambo hili si geni kwetu: mwandishi hajishughulishi na mtambo wa kuchapa.

Tena mmojawapo wa mifumo hiyo una jina letu wenyewe. Mwezi Agosti 2005 waandaaji wa mfumo ulioitwa Mambo waligombana na kampuni ya Australia iliyoumiliki, wakajitenga, nao mwezi Septemba wakatoa mfumo wao mpya. Jina walilolichagua ni Joomla, ndilo neno letu “jumla” katika tahajia ya kigeni, kwa maana ya wote pamoja. Wageni wameokota neno la pwani wakalitembeza duniani, na sisi wenye neno twaandika kurasa za vyuo vyetu kwa Kiingereza kitupu!

Katika mfumo huo watumiaji hupewa madaraka kwa ngazi: yuko mwandishi, yuko mhariri, yuko mchapishaji. Karani wa udahili aweza kuandika tangazo, mkuu wa idara akalihariri, na mwingine akaruhusu litoke. Kila tangazo laweza kupewa siku ya kuanza na siku ya kukoma, likaondoka lenyewe muda wake ukiisha. Lile “Jipya” la miaka miwili lisingekuwapo. Na kurasa zaweza kuwekwa kwa lugha mbili, kama tovuti za Serikali zifanyavyo.

Wapo watakaosema kwamba fedha hakuna. Programu hizo, Joomla na wenzake WordPress na Drupal, hutolewa bure. Gharama iko katika watu, na hapo ndipo tunapoogopa. Tumeona kazi ya namna hii ikifanywa kama kupaka chokaa: rangi mpya, picha mpya, na ndani yake kurasa zile zile zilizooza zimehamishwa bila kusomwa na mtu. Kazi ya kwanza ya kujenga upya ni kukaa na kusoma kila ukurasa wa zamani, ya uongo ikafutwa, na kila uliobaki akatajwa mtu wa kuulinda. Ni kazi ya kuchosha, wala haina uzinduzi. Anwani za zamani nazo zielekezwe kwenye mpya, ili aliyeiandika anwani daftarini mwaka jana asifike penye ukuta.

Wala mfumo wenyewe hauachwi ukalala. Toleo la tatu la Joomla liliacha kutunzwa na watengenezaji wake tarehe 17 Agosti 2023, na shule iliyobaki nalo inalala mlango wazi kwa wezi. Fundi basi bado atakiwa, ila awe mtunzaji wa nyumba wala asiwe mwenye funguo peke yake.

Twawaomba wafanyakazi wa vyuo, ambao wengi wao ni wasomaji wetu, wafungue leo ukurasa wa shule yao kwa simu ya bei ndogo, kwa kifurushi walicholipia wenyewe, wakatafute humo sifa za kujiunga na namba ya simu, kisha waipige namba hiyo.

Binti wa Tongoni itambidi angoje dirisha la mwaka ujao. Tulipoaga alikuwa pamoja na mamaye wakianika dagaa, na simu ameiweka juani juu ya ukingo wa kitanda, ukurasa ule ungali wazi.