Sauti ya mjomba na saa mbili zisizopatana

MJOMBA wangu aliikimbia Burundi mwaka 1972. Mwaka 2004, tukiwa bado katika makazi ya Ulyankulu, Tabora, nilikozaliwa na kusoma, nilimrekodi akisimulia safari ile kwenye MiniDisc. Sasa ni marehemu, nami nafundisha huku nyumbani.

Hivi karibuni niliamua kuihamishia sauti yake kwenye kompyuta kabla mashine haijafa. Nikaunganisha waya wa dijitali, nikarekodi. Kila baada ya dakika 17 hivi, tk! Silabi imemezwa. Safari moja ilimezwa katikati ya jina la kijiji walicholala kabla ya kuvuka mto Malagarasi. Muuza duka akaniambia dawa ni waya wa bei kubwa zaidi. Nikanunua, mshahara wa mwalimu nao mnaujua. Tk! ikabaki palepale.

Sauti ya dijitali ni namba. Kwenye MiniDisc, kama kwenye CD, kila sekunde hutolewa sampuli 44,100 kwa kila upande, kushoto na kulia. Mwendo huo hushikwa na saa iliyo ndani ya mashine, fuwele ya kwatsi inayotetemeka. Ni kazi ya amashakwe katika ngoma zetu: kushika mdundo usiobadilika ili wengine wapige juu yake.

Waya wa aina hii hubeba namba pamoja na mdundo wake, na kompyuta inatakiwa iufuate. Yangu ilikuwa inafuata saa yake yenyewe. Na hakuna saa mbili zinazolingana kabisa. Zikipishana sehemu 50 tu katika milioni, hiyo ni sampuli 2.2 hivi kila sekunde.

Katikati kuna bafa, kumbukumbu ndogo inayopokea namba na kuzitoa. Fikiria pipa la maji: watoto huleta madumu kwa vipindi, lakini bomba la chini hutiririka sawasawa. Mtikisiko wa namba, hii kuwahi na ile kuchelewa, pipa huumeza bila shida. Lakini bomba likitoa zaidi ya kinacholetwa, hata kwa matone, pipa litakauka. Bafa ya sampuli 4,410 iliyojaa nusu hukauka kwa sekunde 1,000. Piga hesabu mwenyewe: dakika 17 kasoro kidogo. Bafa kubwa zaidi ingeichelewesha tu ile tk!

Kumbe waya wangu wa kwanza haukuwa na kosa lolote. Nilifungua mipangilio ya kadi ya sauti, nikabadili chanzo cha saa kutoka ya ndani kwenda ya nje. Nikarekodi upya diski nzima, dakika 74, nimetega sikio kwenye spika.

Dakika ya 33 mjomba akakitaja kijiji, silabi zote. Mama, dada yake, akaniomba nirudishe nyuma asikie tena.